Nyumba Isiyokula Samaki

Jumapili, 8 Februari 1981

Mama mkwe amechoma fimbo yangu ya kuvulia.

Nilitoka kanisani nikamkuta jikoni, uji unachemka, na chini ya chungu mwanzi wangu unapasuka paa, paa. Nilimwamkia kwanza. Mtu hawezi kugombana na mkwe wake kabla ya shikamoo. Akaitikia marahaba bila kugeuka.

"Mama, hiyo ni fimbo yangu."

"Kuni zilikuwa mbichi."

Kuni kavu zilikuwa mlangoni. Nilizipanga mwenyewe jana.

Mwanzi ule niliukata Daudi, kijijini kwa mama mkwe, bondeni, nikauning'iniza juu ya moshi kiangazi kizima mpaka ukawa mwepesi na rangi ya asali. Ulikuwa unapinda sehemu ya juu tu, shina limetulia mkononi. Samaki akigusa chambo, hata kwa ncha ya mdomo tu, nilimsikia kwenye kiganja. Hapa kwenye kambi ya shamba la ngano sitapata mwingine. Kila kilichokuwa kimesimama kiling'olewa kupisha kilimo.

Tluway alikuwa anafunga kamba za viatu. "Ni fimbo tu, Mama Benedikta," akasema. Mume wangu anaendesha trekta kubwa kuliko nyumba yetu, lakini mbele ya mama yake hawezi kuendesha hata ulimi.

Jumanne, 10 Februari

Daftari hili lilibaki nilipokuwa nafundisha kisomo cha watu wazima. Naliandikia kwa sababu nikisema kwa mdomo nitatukana.

Binti yetu Benedikta ana miaka minne. Miguu imevimba, nywele zimekuwa nyekundu na laini kama nyuzi za mahindi machanga. Dada Fabiola wa zahanati alimbonyeza mguuni kwa kidole gumba, shimo likabaki pale pale. "Huu ni utapiamlo," akasema. "Ugali peke yake haumtoshi. Mpe maziwa, mayai, maharage, samaki."

Maziwa yalikuwa yanaletwa na wanawake wa wafugaji, wameacha kuja. Kuku walikufa wote kwa kideri. Maharage dukani hakuna tangu Krismasi. Lililobaki ni ziwa, liko hapo mbele ya kambi, na bwana samaki amepiga marufuku nyavu mpaka masika yaishe. Wenye ndoana wanavua kidogo, wanakula wenyewe. Basi ni fimbo.

Mama mkwe haamini. Anasema mtoto anashiba, tumbo si hilo limejaa? Alikuja hapa baada ya mwaka mpya kumtazama mjukuu, na alipoona samaki kwenye sufuria yangu akatema mate nje. Kwao samaki ni nyoka aliyeshindwa kutoka majini. Kwetu pia ilikuwa hivyo, sisemi uongo. Mimi niliacha. Yeye anasema ndiyo maana mtoto anavimba: amelishwa nyoka.

Jumamosi, 14 Februari

Nimekata tete refu kando ya ziwa. Jepesi, limenyooka, linapendeza kutazama. Kambale wa kwanza amelivunja katikati kama bua, akaondoka na ndoana yangu nzuri. Wanaume wa ufukweni wamecheka mpaka wakakaa chini.

Jumapili, 22 Februari

Isidori, msimamizi wa madereva, bosi wa mume wangu, naye huvua siku za mapumziko. Leo ameniletea fimbo mbele ya watu wote. "Mama, fimbo ya kweli hii hapa. Haivunjiki."

Kweli haivunjiki. Ni nene kama mpini wa jembe. Nimeishika mchana kutwa, mabega yanawaka. Samaki wamekula chambo chote bila mimi kusikia kitu, maana mti usiopinda haukuambii kinachotokea majini. Nilipoirudisha, Isidori akasema kwa sauti, ili wote wasikie, "Kosa si la fimbo. Tluway angekuwa analisha nyumba yake, wewe ungekuwa jikoni."

Nikamwambia mshahara wa Tluway unapita mikononi mwake, ajiulize yeye.

Sikupaswa kusema hivyo. Nimefurahi kwamba nilisema.

Jumanne, 3 Machi

Mvua. Matrekta yamelala. Tluway amekaa ndani kutwa na hajanisemesha. Isidori amemfikishia maneno yangu.

Jumapili, 8 Machi

Leo nimegombana na mtu mwingine, na huyu alikuwa na haki.

Nilikwenda juu, mahali mto unapotoka kwenye korongo kabla ya kuingia ziwani. Mvua zikianza, kambale hupanda mto huo kutaga. Kule panahitajika fimbo ndefu, ili mshipi usilale juu ya maji yanayokimbia ukaburutwa. Nikaona kichaka cha mkole juu ya kilima kidogo cha udongo, machipukizi marefu, membamba, yamenyooka. Mkole unapinda sana kabla ya kuvunjika, wafugaji huukata kwa fimbo zao. Nikatoa panga.

"Weka chini!"

Mzee mmoja alikuwa anakuja mbio, shuka limemwanguka begani. Nilimfahamu: Gidahosh, ambaye mke wake ndiye aliyekuwa analeta maziwa kambini.

"Shikamoo, mzee."

Hakuitikia. "Hapo amelala baba yangu. Mmelima makaburi ya upande ule wote. Hili moja limebaki kwa sababu trekta lilishindwa na jiwe. Sasa mnaleta panga?"

"Sikujua, mzee. Naomba radhi. Nilitaka fimbo tu ya kuvulia."

"Mume wako ni yule wa trekta jekundu?"

"Ndiye."

"Yeye ndiye aliyelima njia ya ng'ombe wetu. Sasa tunazunguka mbali kufika majini, na maziwa yanaishia njiani. Kamwambie fimbo akukatie yeye."

Nikamwambia mtoto wangu anavimba. Nilisema kama mtu anayedai, nikaona aibu pale pale. Mzee akanyoosha mkono kuelekea korongoni, ng'ambo. "Kule kuna mkole usio wa mtu," akasema. "Kata na uondoke."

Nilikata machipukizi mawili nikaondoka. Njiani nilikuwa nafikiria maziwa yale. Nimemlaumu mke wa Gidahosh tangu Desemba. Nilisema wafugaji wana kiburi. Kumbe njia yake imo ndani ya shamba, na aliyepitisha jembe juu yake analala kitandani kwangu.

Nilimwuliza Tluway. "Nililima nilikoambiwa," akasema. Akageukia ukutani.

Jumanne, 17 Machi

Mkole umekauka vibaya kwa sababu ya unyevu. Mmoja umepinda kama upinde, nimeutupa. Wa pili niliupitisha juu ya moto polepole, nikaunyoosha kwa goti, nikaupaka mafuta ya ng'ombe. Ni mzito kuliko mwanzi lakini una uhai. Mshipi nimeufunga kuanzia shinani, nikauzungusha mpaka nchani, ili ncha ikikatika samaki asiondoke na kila kitu. Lile tete limenifundisha.

Jumamosi, 21 Machi

Kambale mkubwa mtoni! Aliivuta fimbo mpaka ncha ikanywa maji, mkole ukapinda wote, nikafikiri basi. Haukuvunjika. Nilirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka akapanda mchangani mwenyewe.

Nimempikia Benedikta kwa Dada Fabiola, siyo nyumbani. Amekula na mchuzi wote, akalamba kijiko. Nikamwambia ni siri yetu. Ni vibaya kumfundisha mtoto siri dhidi ya bibi yake, lakini bibi yake amenifundisha mimi kujificha.

Jumanne, 24 Machi

Kambale wawili. Mvua kubwa magharibi. Mtoto amekula.

Alhamisi, 26 Machi

Benedikta hayupo.

Nilitoka mtoni mchana, matope mpaka kiunoni, nina kambale mmoja. Mlango uko wazi. Matandiko ya Mama mkwe yamekunjwa. Blanketi la mtoto halipo, gauni lake la kanisani halipo. Nikakimbia zahanati nikidhani amezidiwa. Dada Fabiola hakuwa na habari. Nikakimbia karakana.

Tluway alikuwa chini ya trekta. Nilimwita, akachukua muda kutoka, anafuta mikono kwa tambara, anafuta tena.

"Mama ameondoka naye," akasema. "Wamepanda lori la mbegu kwenda Mbulu. Mimi nilikuwa shambani. Nimeambiwa wameshaondoka."

"Na wewe umerudi kulala chini ya trekta?"

"Ningefanya nini? Ni mama yangu. Aligundua unamlisha samaki. Mtoto alimwambia mwenyewe."

Nilimrushia yule kambale. Nimeandika ili nisije kusema sikufanya. Samaki alimpiga kifuani akadondokea kwenye oili, na madereva wote wakaona. Isidori akasema, "Jamani, jamani," lakini hakucheka.

Nilitaka kupanda gari lolote. Hakuna. Mvua ya leo imejaza mto, na daraja la barabara ya Haydom liko chini ya maji. Lori la mbegu ndilo la mwisho kuvuka.

Mwizi. Namwandika hivyo: Efrazia, mama wa mume wangu, ni mwizi wa mtoto. Alichoma fimbo yangu, sasa amechukua mtoto wangu, na kule Daudi atamkalisha jikoni amshindilie ugali mpaka apasuke, halafu atasema ni nyoka.

Ijumaa, 27 Machi

Haipitiki.

Alhamisi, 2 Aprili

Haipitiki. Navua kila siku. Samaki nawapeleka kwa Dada Fabiola, anawapa watoto wengine wenye miguu kama ya wangu. Wanakula. Nawatazama nikitafuna midomo.

Alhamisi, 9 Aprili

Mvua imepungua. Wamesema baada ya siku chache trekta litavusha watu. Tluway anaweza kuliendesha yeye. Amesema hajaruhusiwa. Sikumwuliza na nani.

Ijumaa Kuu, 17 Aprili. Daudi

Nimefika jana. Trekta liliendeshwa na dereva mwingine mpaka ng'ambo, kisha lori, kisha miguu kutoka Mbulu. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilikuwa na mengi na yote yalikuwa na meno.

Nyumba ya Mama mkwe iko kwenye mteremko, migomba pembeni, zizi upande wa juu. Benedikta alikuwa amekaa mlangoni na kibuyu cha maziwa mapajani. Aliniona, akasimama, akaja. Alikuja kwa kukimbia. Pale kambini alikuwa ameacha kukimbia.

Nilimketisha nikabonyeza mguu wake kwa kidole gumba. Ngozi ilirudi. Haikurudi mara moja, lakini ilirudi.

Mama mkwe alitoka zizini na ndoo. Maneno yangu yote yalikuwa tayari, na nikasema, "Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umefuata nini? Si ulisema umechoka?"

"Nani alisema nimechoka?"

"Wewe. Ulimwambia Tluway: mchukueni, mimi sina muda wa kulea, nina ziwa langu. Nilishangaa. Nimekuona na mabaya mengi, lakini hilo sikuwa nimeliona."

"Mama, mimi nilirudi nikakuta kitanda kitupu. Tluway aliniambia umemchukua wakati yeye yuko shambani."

Akaweka ndoo chini. "Shambani? Tluway ndiye aliyempandisha kwenye lori kwa mikono yake. Alimfunika blanketi. Aliniambia umeshamuaga mtoto asubuhi."

Benedikta alikuwa anakunywa maziwa, sauti yake ya kumeza ilisikika kabisa.

"Kwa nini aseme hivyo?" akauliza Mama mkwe. Ni mara ya kwanza kwake kuniuliza kitu akiwa hana jibu lake mfukoni.

Nikamwambia habari za Isidori, za vicheko vya ufukweni, za maneno kwamba Tluway hawezi kulisha nyumba. Mtoto akiwa hayupo, mke hana sababu ya kushika fimbo. Mama akiwa ndiye mwizi, mume hana kosa. Nilikuwa nalielewa jambo hilo wakati ule ule nilipokuwa nalisema.

"Nimemzaa mimi," akasema.

Kisha nikasema nililolibeba kwa miezi. "Mama, sikupendi. Ulichoma fimbo yangu huku mjukuu wako anavimba."

"Na mimi sikupendi. Ulimlisha uchafu ukamfundisha kunificha. Ingia ndani, kuna ugali na mboga."

Tukala. Katikati ya chakula Benedikta akasema, "Bibi, samaki ni tamu kuliko hii." Mama mkwe akainuka, akaenda kutema mate nje, akarudi akaendelea kula.

Maziwa ndiyo yanayomponya. Lazima niliandike hili ingawa linaniuma. Samaki wangu walikuwa wachache na wa kuiba. Yeye ana ng'ombe wawili wanaokamuliwa na hana haja ya kujificha.

Jumatatu ya Pasaka, 20 Aprili

Ningeweza kumchukua leo. Nilifunga hata blanketi. Halafu nikafikiria kule ninakompeleka, hakuna maziwa, na bado kuna matope mpaka Juni. Nikafungua blanketi.

"Abaki mpaka kabla ya mavuno," nikamwambia Mama mkwe.

"Sikukuomba."

"Najua hukuniomba."

Bondeni nimekata mianzi. Mvua bado ipo kwa hiyo imejaa maji, si wakati mzuri, lakini nitaikausha kivulini, imesimama. Nimechagua iliyokomaa, yenye vifundo vya karibu karibu, inayosikika ngumu ukiigonga kwa ukucha. Mmoja mkubwa, mchanga, nimeuchukua kwa ajili ya kuegemeza miche tu. Mama mkwe alikuwa anakata majani ya ng'ombe karibu yangu.

Jumatano, 22 Aprili. Kambini

Nimemwambia Tluway kwamba najua. Hakubisha. Alisema, "Watu walikuwa wanasema."

Nikamwambia sitampikia mpaka aende Daudi akaseme mbele ya mama yake, kwa mdomo wake, nani alidanganya. Siyo mbele yangu tu. Mbele yetu wawili.

"Unataka nimwambie mama yangu mimi ni mwongo?"

"Anajua tayari. Nataka akusikie."

Jumapili, 3 Mei

Hajasema. Anakula kwa Isidori.

Jumamosi, 16 Mei

Hajasema. Mvua ya mwisho mwisho. Ngano imefika kifuani, kijani mpaka macho yanachoka. Kwenye ziwa maji yametulia na perege wamesogea karibu na matete. Kwa hao fimbo fupi inatosha, ncha laini, ndoana ndogo. Wanaume wamezoea kuniona. Mmoja aliniuliza leo akaushe vipi mwanzi wake. Nilimwambia amwulize Isidori.

Jumapili, 31 Mei

Hajasema. Amekonda.

Jumapili, 14 Juni

Baridi. Mke wa Isidori amechoka kumlisha, nimesikia akisema kwa jirani. Hajasema.

Ijumaa, 26 Juni

Tluway ameomba likizo kabla ya mavuno. Amepanda lori asubuhi. Hakuniaga, lakini alikuwa amevaa shati la kanisani.

Jumapili, 5 Julai

Wamekuja leo mchana, watatu. Benedikta ana mashavu. Nywele zinaota nyeusi chini, nyekundu imebaki kwenye ncha tu. Nilimbeba mpaka mikono ikauma na sikumshusha.

Mama mkwe hakutaka kuingia. Alisimama uani, blanketi limefungwa begani, fimbo yake ya kutembelea mkononi. "Njia nzima amekaa kimya," akasema. "Nimemwambia siingii nyumba ya mtu ambaye sijui alisema nini. Haya, mwanamke huyu hapa. Mimi niko hapa. Sema."

Majirani walikuwa wametoka milangoni. Tluway aliwatazama, akawatazama tena, kama mtu anayetafuta mahali pa kugeuzia trekta.

"Nilidanganya," akasema. "Nilikudanganya wewe, Mama, nikamdanganya na Mama Benedikta. Nilitaka aache kuvua. Watu walikuwa wananicheka."

"Ukaona afadhali mimi niwe mwizi," akasema Mama mkwe.

Nilidhani nitafurahi. Nimeingoja siku hii tangu Pasaka, na alipoinamisha kichwa niliona tu mwanamume mwenye njaa aliyevaa shati chafu.

Mama mkwe alinigeukia. "Samaki ni uchafu. Sijabadilika."

"Najua, Mama."

"Lakini kule Daudi nilisema mbele ya watu kwamba ulimtupa mtoto. Nitakwenda kuwaambia hukumtupa." Akavuta kigoda akakaa nje, mgongo umeelekea jikoni.

Nilikuwa na perege wa asubuhi. Nikawapika mlango ukiwa wazi, bila kujificha. Benedikta alikula wawili. Kwa Mama mkwe nilipeleka ugali na mchicha katika chombo kisichowahi kugusa samaki, alikinusa, akala.

Tluway akaja mlangoni. "Na mimi?" akauliza. Sauti ilikuwa ndogo.

"Mianzi iko nyuma ya nyumba, imesimama ukutani," nikamwambia. "Chagua mmoja. Ziwa unalijua."

Akazunguka nyuma. Nilimsikia akiigusa mmoja baada ya mwingine. Ile mikavu, ile miepesi, ile niliyoitunza tangu Aprili, aliipita yote. Alirudi amebeba ule mwanzi mchanga wa kuegemeza miche, mnene, mzito, hata kupinda haupindi, na alitembea nao kifua mbele kuelekea ziwani.

Mama mkwe alimtazama akipita. Halafu akanitazama mimi. Hakuna aliyemwambia kitu.